Gari Langu Lilianza Kuongeza Oili Lenyewe

Magari ya watu hupungukiwa oili. Langu oili iliongezeka.

Sijakosea kuandika. Iliongezeka.

Jumatatu nilichomoa kile kijiti cha kupimia, oili ilikuwa kwenye alama ya juu, pale panapotakiwa. Alhamisi ilishapita alama kwa upana wa kidole. Jumatatu iliyofuata, vidole viwili.

Na hakuna aliyetia hata tone.

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi. Gari nililinunua mkononi mwa mtu. Dogo tu, injini ya lita moja na pointi mbili, silinda tatu, ile aina inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Aliyeniuzia alilisifia kwamba halili mafuta. Hakuniambia kama linazaa.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Nilipomweleza aliweka kalamu chini, akanitazama kama mwanafunzi aliyeshindwa kujumlisha.

"Oili haiongezeki," akasema. "Inapungua au inabaki palepale."

Nikamvuta mkono hadi nje. Akapima. Akafuta kijiti kwa kitambaa, akapima tena. Akaingia ndani, akatoka na daftari jipya.

Kuanzia siku hiyo akawa anapima kila jioni na kuchora grafu. Wiki ya tatu alitangaza mezani kwamba kwa mwendo ule, mwaka ukiisha gari litakuwa limejaa oili mpaka kwenye viti.

Baba yangu mzazi, tunayeishi naye, hakuinua hata macho. "Chakula kinapoa," akasema.

Baba ameendesha malori miaka thelathini na miwili. Nilitegemea angetoa neno. Lakini kila nikimgusia habari za gari hili anajibu, "Injini za siku hizi mimi sizijui," na mazungumzo yanaishia hapo.

Nilikuwa nimesikia kwamba oili ikizidi nayo inaua injini. Basi kila Jumamosi nikawa naingia uvunguni na bakuli, nalegeza nati, napunguza. Kuimwaga nikaona dhambi, maana oili yenyewe ilikuwa safi kama asali. Nikampa jirani chupa moja akapake bawaba za mlango wake, uliokuwa unalia mtaa mzima unausikia.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Jirani yule hana kifua. Jumamosi iliyofuata nilikuta foleni getini. Huyu ana baiskeli, yule ana pampu ya kisima, mwingine ana mashine ya kunyolea. Mmoja alikuja na ndoo.

Bibi mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama oili hii inatibu magoti.

"Bibi, hii ni ya injini."

"Na magoti yangu yanalia hivyohivyo kama injini."

Nikamkatalia. Akaondoka amenuna, mpaka leo salamu yake ni ya mdomo tu.

Mwezi wa tatu wa mambo haya gari likaanza kuugua. Moshi wa bluu nyuma. Ukiliwasha asubuhi linatetemeka kama mtu mwenye homa. Ile taa ya njano ya injini ikawaka na kugoma kuzima.

Na mimi nilikuwa na gauni la kupeleka. Gauni kubwa kuliko yote niliyowahi kushona, mji wa mwendo wa saa mbili, Jumamosi, harusi siku hiyohiyo.

Nikajikaza kisabuni, nikalipeleka gari gereji kwa fundi tunayemwita Sikio.

Fundi Sikio hapimi kwa macho. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho kama daktari.

"Injini hizi zina magonjwa yake, dada," akasema. "Petroli inasukumwa kwa nguvu nyingi sana. Pampu ikichoka, petroli inavuja na kuingia kwenye oili. Unadhani oili imeongezeka, kumbe ni petroli. Safari zako ndefu?"

"Nyumbani hadi dukani kwangu. Dakika nne."

"Basi ndiyo hayo. Injini haipati joto la kuikausha."

Nilishusha pumzi. Ugonjwa wenye jina ni nusu ya kupona.

Fundi akachomoa kijiti, akanusa. Akasugua oili kwa vidole viwili. Akanusa tena. Uso ukambadilika.

"Haina petroli."

"Sasa ina nini?"

"Oili." Akanusa mara ya tatu. "Oili mpya. Kama imetoka kwenye kopo leo."

Akarudisha kijiti mahali pake.

"Dada," akasema taratibu, "gari hili unaliegesha wapi?"

Jioni ile nilichukua uzi mweusi wa cherehani, nikaubandika kutoka boneti hadi kwenye bampa, nijue kama kuna anayeifungua usiku. Asubuhi nilikuta umekatika. Nikabandika mwingine. Ijumaa nao ukakatika.

Mume wangu aliposikia alifunga daftari. "Anayekuchukia angetoa oili," akasema. "Huyu anatia. Ni adui wa namna gani huyu?"

Jumamosi ya harusi niliamka kabla ya kila mtu. Gauni nilikuwa nimeshalipakia tangu jana yake, likajaza kiti chote cha nyuma, neti juu ya neti. Pa kujificha hapakuwepo isipokuwa chini yake. Nikavua viatu, nikajipenyeza, nikatulia.

Kulipoanza kupambazuka nikasikia hatua. Boneti ikafunguliwa. Mfuniko wa kopo ukazungushwa, kisha glu, glu, glu.

Halafu sauti ninayoijua tangu nazaliwa.

"Kunywa, mama. Kunywa polepole."

Nikainuka ghafla. Nilisahau kabisa nimejifunika nini.

Baba aliteremsha boneti, na kwenye kioo akaona bibi harusi mweupe, hana uso, ananyanyuka kiti cha nyuma.

Kopo likamponyoka.

"Shikamoo," akasema baba yangu.

Na mimi, sijui ni mshtuko au ni nini, nikaitikia: "Marahaba."

Nilipofanikiwa kujinasua kwenye neti nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango. Nikakaa karibu naye.

"Baba, kwa nini?"

"Inalia," akasema. "Ukiiwasha inalia, tik tik tik tik. Injini ikilia hivyo imekauka."

"Ulipima?"

"Nipime nini, na masikio ninayo? Natia, kesho yake bado inalia. Naongeza."

"Oili unaipata wapi?"

"Mfuniko wa injini umeandikwa aina yake. Nikamwonyesha muuza duka. Sigara nimeacha, pesa yake inatosha."

Na sisi ndani ya nyumba tulikuwa tunajisifu kwamba tumemshawishi kuacha sigara.

Akaendelea bila kunitazama. "Mwaka uliozaliwa, lori langu lililia hivihivi. Nikasema nitatia oili mbele ya safari. Injini ikakamata, haikuzunguka tena. Mama yako alikuwa pembeni yangu, ana mimba yako ya miezi minane. Tulikaa barabarani siku mbili. Nilimwangalia anakunywa maji ya mwisho kwenye chupa. Wewe unasafiri peke yako, mwanangu. Sikutaka ukwame."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mumeo ana grafu. Mimi nina masikio tu. Nani angenisikiliza?"

Nikaingia ndani kuleta bakuli.

Baba alivua saa, akaingia uvunguni kama kijana wa miaka ishirini, akapunguza oili mpaka kwenye alama. Safari hii alipima. Nikamwambia, "Panda, twende wote."

Kwenye mlima mrefu gari likaanza kukohoa. Nguvu zikaisha. Moshi ukatufuata. Jasho lilinitoka, nikaliona gauni langu likifika baada ya ndoa.

Baba akainamisha kichwa, akasikiliza. "Huu si ule mlio. Hapa inakosa pumzi. Rudisha gia chini, usiiache izime. Kanyaga taratibu."

Nikafanya alivyosema. Tulipanda ule mlima polepole kiasi kwamba kuna mtu alitupita kwa miguu, na akatuaga. Lakini tulifika. Gauni halikuwa na doa hata moja. Madoa yote yalikuwa kwenye shati la Baba.

Jumatatu Fundi Sikio alifungua injini. Akatuonyesha valvu za upande wa hewa, zimeganda masizi kama sufuria ya kuni.

"Mzee, kwenye malori yako ya petroli ya zamani, petroli ilikuwa inapita hapa na kuziosha. Hizi petroli inaruka hadi ndani ya silinda, valvu haiipati. Oili ikizidi, mvuke wake unakuja kugandia hapa. Ndiyo maana inakosa pumzi."

Baba akainamisha kichwa.

"Na ule mlio," fundi akaendelea, "ni nozeli zinapopuliza petroli. Ndivyo zilivyo, zote." Kesho yake, alipomaliza kusugua masizi na kurudisha kila kitu, aliwasha gari, akampa Baba bisibisi aisikilize mwenyewe.

Baba alisikiliza kwa muda mrefu. "Kumbe ni nzima," akasema. "Kumbe ni nzima tangu mwanzo."

Akajifuta macho kwa mkono wa shati, akadai ni moshi.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Fundi akatuita pembeni, akatoa picha alizopiga injini ilipokuwa wazi. Upande wa cheni, ile inayozungusha valvu, ulikuwa unang'aa kama kijiko.

"Miaka kumi na tisa sijaona kitu kama hiki," akasema. "Aliyekuuzia, dada, alikaa na oili ileile mpaka ikawa tope. Kwenye kona zisizofikika nimekuta mabaki yake. Cheni ya injini hii ilitakiwa iwe imeshakwisha, siku moja ikukatikie barabarani. Lakini kuna mtu ameiosha kwa oili mpya kila wiki, miezi mitatu. Nani alikuwa anaitunza?"

Baba akanionyesha mimi kwa kidole. Nami nikamwonyesha yeye.

Yeye alikuwa anatia, mimi natoa. Hakuna aliyejua anachofanya.

Wenye magari ya aina hii: badilisheni oili mapema, gari mlipeleke mbali mara mojamoja lipate joto, na mlio wa nozeli muuache ulie. Mwenye mzazi nyumbani anayekaa kimya mezani, usidhani hana la kusema. Muulize mara ya pili, na ukimuuliza, kaa chini usubiri jibu.