Mama wa Miaka 47 Anauliza

Kwa siku kumi na nne, baba yangu mdogo Machage alikunywa chai ya wanawake wanaokaribia kukoma hedhi.

Asubuhi kikombe, jioni kikombe, bila sukari.

Aliyemwelekeza ni mimi.

Machage ni Mkurya wa Tarime aliyetahiriwa bila kupepesa jicho. Hajawahi kukiri mbele ya mtu kwamba hata kucha inamuuma.

Mwaka ule maduara mapya yalikuwa yametema, kama wachimbaji wanavyosema shimo likitoa dhahabu, na nusu ya wanaume wa kwetu walikuwa wametupa majembe. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu Dodoma, nikiamini kwa dhati kwamba ujinga kuhusu afya ungeweza kuondolewa kwa bando la wiki.

Nikaanzisha kundi la WhatsApp. Mwenye swali la aibu alinitumia faragha, nami nililipandisha bila jina.

Jumamosi moja ukaingia ujumbe kutoka namba ya mama mdogo Bhoke, mke wa Machage. Mikono inatetemeka. Usingizi hakuna. Jasho jingi. Hasira za ovyo. Miaka 47. Usinitaje.

Sikumtaja. Niliongeza tu, kwa heshima zote, maneno machache mwanzoni: "Mama wa miaka 47 anauliza."

Kundi likawaka. Mmoja akasema ni presha. Mwingine akasema ni mke mwenza. Dereva mmoja wa bodaboda akashauri aokoke. Ndipo Akello, mfanyabiashara wa Sirari mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, akafunga mjadala.

"Huyo anaelekea kukoma hedhi, wacheni kusumbua mama wa watu. Niko na chai yake."

Nikaingia mtandaoni, nikasoma kurasa tisa. Kila dalili ilikaa mahali pake. Nikaandika jibu refu lenye vichwa vya habari, na chini yake nikaweka namba ya Akello.

Baada ya wiki mbili namba ya mama mdogo ikarudi. Chai imekwisha, mikono imezidi, sasa hata kijiko kinamwaga uji.

Nikajibu kwa upole wa kitaalamu nisioustahili: "Pole sana. Kipindi hiki kinahitaji faraja. Umeshamshirikisha mume wako?"

Akajibu:

"Mume yupi, Winfrida? Mimi ni baba yako mdogo."

Nikazima data. Nikaiwasha. Ujumbe ulikuwa bado upo.

Niliandika kitu pekee kilichonijia: "Shikamoo, baba mdogo."

Akaitikia, kisha akaeleza. Simu yake ni kitochi kisicho na WhatsApp, hivyo aliazima ya mkewe. Alipoona neno "mama" alidhani ndivyo ninavyowaficha watu. Hata hiyo hedhi aliihesabu kuwa sehemu ya maficho.

"Ulinificha vizuri sana, mwanangu," akaandika.

Hapo ndipo kicheko kilichokuwa kinanijia kilipokatika.

Nikampigia Mokami, muuguzi wa zahanati, mwanakundi ambaye alikuwa anasoma tu bila kuandika. Nikamsomea dalili zote kwa mpangilio. Aliposikia nimemaliza, akauliza, "Anafanya kazi gani?"

Anachoma dhahabu, nikamjibu. Anaikamatisha kwa zebaki, kisha anaiweka motoni mpaka zebaki yote ipotee na dhahabu ibaki.

"Anachomea wapi?"

Jikoni, mlango umefungwa, majirani wasijue amepata.

"Haipotei, Winfrida. Inageuka mvuke, inaingia mapafuni mwa mtu. Aache leo, na aende hospitali." Kisha akauliza, "Na anayeshinda humo jikoni ni nani?"

Nikampigia mama mdogo Bhoke. Nilianza kwa mzunguko mrefu, nikijaribu kumstahi mumewe kuhusu ile chai. Akanikatisha.

"Najua. Simu si yangu? Nasoma kila kitu."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Mimi mikono ilianza kutetemeka kabla ya yake. Nikaona umeandika 'mama', nikajua na mimi umeniona. Chai tulikuwa tunakunywa wote. Yeye akiacha nusu, namalizia."

Majibu ya vipimo vya mkojo yalipotoka, zebaki ya Bhoke ilikuwa nyingi kuliko ya Machage.

Wote wawili walianza tiba. Dhahabu haichomwi tena nyumbani, na jiko lile limebomolewa. Mikono ya baba mdogo imetulia. Ya mama mdogo bado, kwa hiyo siku hizi Machage ndiye anayemmiminia uji, na kikombe hakijazi hadi juu.

Akello anaendelea kusema kwamba chai yake ilipunguza hasira. Sijabishana naye.

Ninachowaachia ninyi mnaoshauri watu kwa simu ni hiki. Muulizeni kwanza anayeumwa ni nani, mikono yake inashika nini kutwa nzima, na nani mwingine anavuta hewa ya nyumba hiyo. Mimi nilisoma kurasa tisa kabla ya kuuliza swali hata moja.