Kidoko cha Kinanda

Kwa miaka tisa nilihangaika kuondoa kelele moja ndogo, na sikufanikiwa. Mwaka wa kumi kelele ikaondoka yenyewe, nikatumia miezi mitano kuirudisha. Kama kuna mtu hapa Turwa aliyewahi kufanya kazi ya kipuuzi kuliko hiyo, sijakutana naye, na mji wetu haukosi watu wa majaribio.

Kelele hiyo ilitoka kwenye kinanda cha umeme cha kanisani kwetu, sanduku la mbao lenye uzito wa kabati la nguo, lililoachwa na wamisionari. Chini ya kila kibao, cheupe au cheusi, kulikuwa na nyaya nyembamba. Ukibonyeza, nyaya zinagusana, na kabla sauti haijatoka unasikia "tk", kama mtu aliyepiga kidoko kwa ulimi. Ndivyo tulivyoiita: kidoko. Mchungaji alikichukia. Alisema kinanda kinamsonya Mungu. Mpiga kinanda nilikuwa mimi, kwa hiyo kila nilipopata nafasi nililifungua sanduku, nikasugua nyaya kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikalifunga, nikabonyeza. Tk. Baadaye sana nilisoma mtandaoni kwamba hata mafundi waliobuni vinanda vya aina ile waliiona sauti hiyo kuwa kasoro, wakajitahidi kuipunguza, halafu wapigaji wakaipenda. Siku hizi kuna kibodi za kisasa zinazouzwa na kasoro hiyo ndani yake, pamoja na namba ya kuiongeza au kuipunguza.

Kinanda chetu kilikufa siku umeme ulipokatika na kurudi kwa fujo. Kanisa likanunua kibodi kule Sirari, nyepesi, unaibeba kwapani. Sauti yake ilikuwa safi kama maji ya chupa. Jumapili ya kwanza mchungaji alitoa shukrani kwa utulivu tuliopewa, mwalimu wa kwaya akainua mkono, nikabonyeza, kwaya ikaanza, na mama yangu akachelewa.

Mama aliimba sauti ya pili, na yeye ndiye aliyewaanzisha wenzake. Alianza kuimba katika kwaya ile kabla sijazaliwa. Tangu baba afariki, wiki yake ilikuwa na siku tatu tu: mazoezi, mazoezi, Jumapili. Siku nyingine alizivumilia. Sasa Jumapili ya pili akachelewa tena, ya tatu akawahi, ambalo ni kosa baya zaidi, kwa sababu akiwahi anawahi peke yake na kanisa zima linasikia. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole sana, aliniita pembeni akaniambia kamati ya kwaya inaona mama apumzike. Wangemuaga kwa heshima, kwa kitenge na kiti cha plastiki chenye mikono. Kiti, nadhani, ni ili apumzike vizuri. Akaniomba nikamwambie mimi, kwa kuwa ni mwanawe.

Nilikwenda kwake saa nne asubuhi nikiwa nimekasirika. Nilimkasirikia mwalimu, kamati, na mama pia, kwa sababu niliamini anachelewa makusudi kwa kuichukia kibodi. Alikuwa ameketi uani akipeta ulezi. Nilisimama ubavuni pake nikitafuta maneno, na kwa sababu ya kutafuta maneno nikasahau kusalimia.

"Nani huyo?" akauliza.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, juani.

Ni vizuri kueleza kwamba kwetu mdogo ndiye anayeanza. Anayekuja anasema shikamoo, mkubwa anaitikia, na katika shikamoo hiyo tayari amemkabidhi mkubwa sauti yake. Mtu mzima anaweza kukaa miaka haoni na asigundulike, maana kila anayemkaribia anajitangaza mwenyewe kwa adabu. Mama alikuwa amejificha ndani ya adabu zetu, na mimi nilimfichua kwa kukosa adabu.

"Ni mimi, mama."

"Mbona husalimii? Umelelewa na nani?"

"Mama, hunioni?"

Akaendelea kupeta kidogo, kisha akaweka ungo chini. "Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," akasema. "Cha mbele nakiona. Cha pembeni hakuna. Mkono wa mwalimu ukihama kidogo, naupoteza."

"Tangu lini?"

"Zamani. Lakini kidoko kilinitosha. Kikilia, najua mkono umeshuka, naingia."

Nikamwambia twende hospitali. Akakataa bila hata kupandisha sauti. "Wakisikia hospitali, mura wangu, watasema nimekwisha, watanipa hicho kiti chao." Habari za kiti alikuwa nazo tayari; Turwa hakuna kamati ya siri. "Wewe nirudishie kidoko kwanza. Hospitali tutakwenda baada ya Pasaka. Na usimwambie mtu."

Nilipaswa kukataa. Badala yake nilihisi nafuu, na nalisema hilo waziwazi kwa sababu ndilo linaloniuma. Macho sikuyajua. Kinanda nilikijua. Nilikubali upesi, na nikamwomba mwalimu wa kwaya aisubirishe kamati mpaka Pasaka.

Nilianza kwa kuipeleka kibodi kwa fundi mmoja ng'ambo ya Sirari, upande wa pili wa mpaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kwa huruma. "Bosi, watu hunilipa niwatolee hiyo makelele. Wewe unataka nikuwekee?" Kibodi yetu, akasema, ni ya bei ndogo, haina hiyo namba ya kidoko. Nikarudi nayo kwapani. Nikajaribu kuchanganya sauti ya kinanda na ile ya vijiti vya ngoma iliyomo humohumo. Ikatoka kama mtu anayebisha hodi. Jumapili hiyo mzee wa zamu aliinuka mara mbili katikati ya sala kwenda kufungua mlango, na mara ya pili alisimama nje kidogo akiangalia huku na huku.

Ndipo nikakumbuka kaseti. Miaka mingi nyuma kwaya yetu iliimba kwenye mkutano wa hadhara Nyambureti, kinanda kikiwa juu ya tela la trekta na jenereta pembeni, na mtu alirekodi. Nikaiingiza kaseti kwenye kompyuta, nikaanza kuchimba. Kila kidoko nilikikata peke yake, nikakiunganisha na kibao chake, kibodi ikiwa imefungwa kwenye kompyuta kwa waya. Nilijifunza kwamba vya chini ni vizito na vya juu ni vyembamba, na kwamba kidoko kikilia sawasawa na sauti hakisaidii kitu. Lazima kitangulie, kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Kimoja kilikuja na kengele ya ng'ombe aliyepita karibu siku ile. Nilishindwa kumtoa, nikamwacha.

Pasaka kidoko kikalia na mama akaingia. Sauti ya pili yote ikaingia nyuma yake kama zamani, ng'ombe wa Nyambureti akapita mara moja kwenye ubeti wa tatu, na hakuna aliyeshtuka. Kamati ikasahau kiti. Mchungaji, yule aliyekichukia kidoko kwa miaka tisa, alisimama akasema sasa kibodi imepata roho. Nilivimba kichwa. Kwaya za makanisa mengine zilianza kuniita niende kuwawekea.

Baada ya Pasaka ikawa baada ya mvua, baada ya mvua ikawa baada ya kuvuna ulezi. Nikimtajia hospitali mama alijibu, "Nimechelewa Jumapili ipi?" Hakuchelewa. Nami nilikuwa na kazi. Nilitaka vidoko vya upande wa kulia viwe bora zaidi. Jumapili baada ya Jumapili nilimsikia akiingia sawasawa, nikajiambia anaona vizuri.

Siku moja, mchana kweupe, aliikosa ngazi ya kanisa aliyoipanda maisha yake yote. Ndipo tukaenda Mwanza. Daktari wa macho alikuwa dada wa makamo, msemaji wa taratibu. Alisema ni presha ya macho. La kulia limekwisha. La kushoto limebaki kidogo, na dawa ya matone italinda hicho kilichobaki, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Kama tungefika mwaka mmoja kabla, yangekuwa mazungumzo mengine. Akauliza kwa nini tulichelewa hivyo.

Mama akajibu kabla yangu.

"Daktari, kinanda kilikuwa hakijakaa sawa. Mwanangu huyu alikuwa anakitengeneza."

Alilisema kwa kujivuna, kama anavyonisifia kwa wageni. Daktari akaacha kuandika, akanitazama mimi.