Makapi Niliyoyajaza Chumbani

Shule niliiacha mapema, lakini Uhuru ulinikuta na kinu changu mwenyewe cha kukamua mawese kule Rumonge, kando ya ziwa, na nyumba ya bati juu. Hakuna aliyenishika mkono.

Makapi yanayobaki baada ya kukamua ndiyo kuni zetu. Wenzangu waliyaacha nje yakanyeshewa. Mimi mjanja niliyaingiza ndani, nikayajaza mpaka chumba cha kulala. Wakati wa masika makapi yalishika ukungu mweupe wa kuoza, na mke wangu ndiye aliyeyatoa kila asubuhi, akiyakung'uta.

Akaanza kukohoa. Pumzi ikawa fupi, jioni homa. Akaenda kwa mama yake, Nyanza-Lac. Nilipomfuata baada ya wiki tatu, nilimkuta anapanda kilima na ndoo ya maji kichwani, anacheka. Nilichukia.

"Kwangu unaumwa, kwenu unacheza," nikamwambia mbele ya mama yake. "Kazi ndiyo unakimbia."

"Baba watoto, kule kwako hewa iko inanikataa."

Nikamrudisha. Mara tatu alikwenda, mara tatu nikamrudisha, na kila akirudi hali ilizidi.

Mwishowe nikampeleka Bujumbura. Muganga alimpiga picha ya kifua, akauliza tunavyoishi, akataka habari zote za makapi. Haikuwa kifua kikuu. Alisema mwili una ulinzi wake, na ulinzi wa mke wangu uliliona vumbi lile la ukungu kuwa adui, ukaingia mapafuni kulipiga. Mimi nililivuta hilohilo, wangu ukanyamaza. Mapigano yakikoma mapema, pafu linapona. Yakirudiwarudiwa, mwili unaziba majeraha kwa makovu, na kovu halipitishi hewa.

Nikauliza: nikimpeleka kwa mama yake sasa, atapona?

"Alikuwa anapona kule," muganga akasema. "Ni wewe ulikuwa unamrudisha."

Nilimpeleka hata hivyo, makovu yakiwa yameshajaa. Mama mkwe akauliza tumeambiwa nini. Mimi ninayejua kusema mbele ya watu, nikashika kufungua mizigo. Mke wangu akajibu kwa niaba yangu kwamba ameambiwa apumzike.

Aliishi miezi minne. Nilimlisha uji, akitafuta pumzi kati ya kijiko na kijiko.

Mwaka 1972 tulipokimbia mauaji kwa kuvuka ziwa, mimi mkwe na mama mkwe wangu tulibanana ubao mmoja wa mtumbwi, jambo ambalo heshima haituruhusu. Akamtaja binti yake, akasema afadhali ugonjwa ulimchukua mapema. Hata hapo sikumwambia alichosema muganga.