Umeanguka Mara Ngapi?

Wangare aliuza viazi na karoti sokoni Nakuru kwa miaka thelathini na minane, na mgongo wake haujamsamehe hadi leo. Sasa ana miaka sabini na sita. Anakaa Bondeni, katika nyumba ileile ya kanju, ya kupanga kwa baraza la mji, aliyoingia akiwa bi harusi, na hana mpango wa kutoka. Shida yake ni ngazi. Kutoka uani kwenda kwenye mfereji wa maji na bafu vinavyotumiwa na majirani wote wa laini yao kuna ngazi tatu za simiti, na ile ya katikati imelika ikabaki kama kipande cha sabuni kuukuu.

Hapo Wangare ameanguka mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza majirani walimwinua, na habari zikafika Naivasha kabla hajapanguza goti. Mwanawe Kabiru, anayefanya kazi huko katika shamba la maua na kukaa mtaa wa Kamere, alimpigia simu.

"Mama, ukianguka tena nakuja kukuchukua. Na sikuulizi."

Mara ya pili alianguka alfajiri, peke yake. Alijizoazoa, akaingia ndani, na uvimbe wa paji la uso akausingizia mlango. Kamere kuna wajukuu na kuna hewa nzuri ya ziwa, lakini nyumba ni ya mkaza mwanawe, na Wangare hakutaka kuomba ruhusa ya kuinjika chai.

Mwezi wa tatu chuo kikuu kilishirikiana na kanisa lao katika mradi wa wazee. Wanafunzi walikuja kanisani na makoti meupe na fomu. Wangare aliketishwa mbele ya Jemutai, msichana mwenye adabu zake, naye akasoma swali kama lilivyoandikwa.

"Shosho, mwaka huu umeanguka mara ngapi?"

Wangare alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Mimi niliokoka kabla mama yako azaliwe."

Jemutai alikosa pa kuweka macho. Akaeleza kwamba hakumaanisha dhambi, ni kuanguka tu chini, kwa miguu. Wangare akasema hata huko hajawahi. Kwa hivyo alidanganya ndani ya kanisa, na akaenda nyumbani akilijua hilo.

Wiki mbili baadaye wazee waliitwa kuonyeshwa matokeo. Ukutani palibandikwa ramani ya Bondeni, kila anguko likiwa doa jekundu. Jemutai alisema kwamba penye madoa mengi ndipo fundi ataanzia, kwa ngazi mpya na chuma cha kushikilia. Laini ya Wangare, safu yao yote ya nyumba, haikuwa na doa hata moja.

"Hawa hawana shida," alisema Jemutai. "Hapa hakuna mtu ameanguka."

Chini ya ramani alikuwa ameketi mzee Omolo, jirani wa mlango wa pili, mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa amemwambia kila mtu kwamba aligongwa na baiskeli. Sasa alikuwa akichunguza dari.

Wangare alipandwa na hasira, kwanza kwa Omolo, kisha kwa nafsi yake. Aliogopa pia, maana alijua Kabiru angesikia kabla ya jioni. Akasimama hivyo hivyo.

"Andika zangu mbili," alisema. "Na huyu mzee umuulize hiyo baiskeli ilifikaje kwa bafu."

Watu walicheka, Omolo mwenyewe akiwemo. Wengine nao wakaanza kukiri, na mkutano ulipoisha, ngazi ile moja ilikuwa na madoa manane.

Jumamosi Kabiru alifika na begi kubwa lisilo na kitu ndani. Jemutai na fundi walikuwa uani wakipima.

"Mama, tulikubaliana," alisema.

"Ulikubaliana na simu yako. Nenda unawe mikono, chai iko tayari. Na uangalie hiyo ngazi ya katikati."

"Nimezaliwa hapa," akajibu Kabiru bila kugeuka.

Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Ngazi ya katikati ilimpokea na kumwachilia papo hapo, akatua kwa makalio kwenye maji ya mfereji. Jemutai alikimbia kumwinua. Wangare alibaki mlangoni na birika lake.

"Huyo pia mwandike," alimwambia Jemutai. "Miaka arobaini na tatu."

Kisha akamtazama mwanawe. "Sasa wewe tukuhamishie kwa nani?"