Ini la Wifi Yangu

Nilimwonea wivu wifi yangu, na si kwa mikorosho yake, wala kwa kiuno chake, wala kwa jinsi mumewe, mdogo wangu, anavyocheka akiwa naye kuliko alivyowahi kucheka akiwa nami. Nilimwonea wivu kwa ini lake. Jambo hili nimelikana kwa kila aliyeniuliza, nikianza na mume wangu, ambaye aliuliza mara moja tu kisha akaona heri aende kumwagilia mchicha. Sasa naliandika. Mwanamke mwenye shahada mbili, anayefundisha fasihi hapa Nachingwea na kuandika makala za kuwashauri wenzake waishi vipi, alilala akilitamani ini la mwanamke mwingine.

Mambo yalianza mdogo wangu alipokwenda kuchangia damu. Jirani yao kule Mbekenyera alikuwa anasubiri upasuaji, watu wakaombwa wajitolee, naye akaenda kifua mbele. Damu yake ilikataliwa. Alikutwa na virusi vya homa ya ini. Mwenyewe alikuwa haumwi popote, ametoka kupulizia mikorosho dawa wiki hiyohiyo. Akaambiwa atakuwa anafuatiliwa, na kwamba mkewe apimwe, na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia. Ndugu wa tumbo moja nimebaki mimi.

Nikamkumbuka baba. Baba alikufa tumbo limejaa maji, macho ya manjano, mikono imebaki mifupa. Wakati ule hakuna aliyelitaja ini. Walisema amerogwa na jirani wa baba kwa ajili ya mpaka wa shamba, na shangazi yangu hamsalimii yule jirani hadi leo. Mimi niliyesoma nilijua haukuwa mpaka wa shamba. Nilichoogopa ni kimoja tu: kwamba njia aliyopita baba ndiyo iliyokuwa inaningoja.

Huku kwetu mtu akiambiwa akapimwe, kwanza hujitengeneza. Mwenye presha huacha chumvi siku chache kabla ya kliniki, mwenye sukari hushinda njaa ili daktari amsifu. Hatuendi kupima tujue tunaumwaje, tunakwenda kufaulu. Nimeandika makala nzima kuukejeli ujinga huo. Kisha nikaenda Ruangwa mjini, pembeni ya soko, nikanunua mizizi kwa mama mmoja aliyeniapia kwamba inasafisha ini mpaka mtu anajisikia mwepesi. Nilichemsha, nikachuja, nikanywa kila siku hadi alfajiri ya kwenda hospitali. Ilikuwa chungu kiasi cha kutosha kuaminika.

Wifi alifika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, kitenge kimefungwa juujuu. Tuliketi kwenye benchi tukisubiri kuitwa.

"Wifi," nikamwambia, "mbona unanukia mabibo?"

"Uraka wa jana huo. Vikombe viwili vitatu. Msimu ndio unaisha, nimwachie nani?"

"Jana pombe, na leo unakuja kupimwa ini?"

"Ee, si walikute kazini! Wewe lako umelivalisha nini?"

Nilicheka kama mtu asiye na chupa ya mizizi nyuma ya ndoo ya unga.

Majibu yalipotoka tuliingia pamoja, maana wifi hakuona sababu ya kubaki nje. Daktari alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, ananiita mwalimu. Alianza na wifi. Hana virusi, atachanjwa, na ini lake ni safi kabisa. "Safi kabisa" aliirudia, akiitazama karatasi kwa upendo. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, wewe pia huna virusi. Lakini vimeng'enya vya ini vimepanda. Kuna kitu kinalisumbua. Unakunywa pombe?"

"Sijawahi kuonja."

"Dawa za kienyeji? Mizizi, majani, unga wa kutia kwenye uji?"

"Daktari," nikasema, kwa sauti ninayowawekea wanafunzi walioangalizia, "mimi?"

Akaomba radhi. Kweli aliniomba radhi, nami nikaipokea kwa kutikisa kichwa.

Nje, mbele ya benchi zima, wifi alisimama akashika kiuno. "Jamani, oneni maajabu! La kwangu halijui hata a-e-i-o-u, limefaulu. La wifi limefika chuo kikuu, limefeli!"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akamwamsha mtoto wake. Na mawifi ni watani, ukikasirika umeshindwa. Nilipaswa kumjibu papo hapo, nimwambie lake limefaulu kwa kuibia, au lolote lile. Badala yake nilikuwa natazama tumbo lake chini ya kitenge, upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu, mahali lilipolala lile ini lake, limelewa na halina hatia.

Wivu wa namna hii hauna heshima hata kidogo. Mtu akimwonea mwenzake wivu wa nyumba, angalau nyumba inaonekana. Mimi nilikaa jikoni kwangu nikiukumbuka mchicha wangu wa kuchemsha, maji yangu ya ndimu ya kila asubuhi, mafuta niliyoyakwepa kwenye kila harusi tangu nimalize chuo. Wifi hukaanga samaki akamimina mafuta yaliyobaki kwenye ugali. Wifi hulala saa mbili usiku na kukoroma. Nani aligawa haya maini? Nilifikia hatua ya kutafuta kasoro. Labda vipimo vyetu vilibadilishwa. Labda lile lililosifiwa ni langu. Nililiamini hilo kwa siku nzima, na ilikuwa siku nzuri.

Kisha nikafanya afanyacho kila aliyefeli kwa uzembe: nikaongeza bidii. Kikombe cha asubuhi kikapata mwenzake wa jioni. Mizizi ilipokwisha nilirudi Ruangwa kununua mingine.

Kipimo cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Safari hii daktari hakuzungumza na karatasi, alizungumza nami. Aliuliza kama nachoka haraka. Nachoka. Kama chakula hakipiti. Hakipiti. Aliuliza baba yangu alikufa kwa ugonjwa gani.

"Tumbo," nikasema.

Hakuuliza zaidi. Alisema mwezi ukiisha niende Mtwara nikapigwe ultrasaundi na kuonwa na bingwa, ila kwanza nirudie damu mara moja zaidi. Aliniuliza tena kuhusu dawa za kienyeji, kwa upole, nami nikakana tena, kwa upole. Nilikuwa na sababu: nikikubali, lile benchi lote lingepata habari, na wifi angekuwa na utani wa kumtosha hadi uzee. Niliona ni afadhali niumwe.

Shule zilikuwa zimefungwa. Mdogo wangu alipiga simu: "Dada, njoo ukae kwetu. Usipike, usifue. Mwenzangu anakuja kukuchukua." Kesho yake wifi akawa mlangoni. Mizigo alinifungia yeye mwenyewe, akikunja gauni zangu kama anayekunja mkeka, akiniamuru nikae kwenye kiti. Chupa yangu ilibaki nyuma ya ndoo. Sikupata hata dakika ya kuifikia.

Mbekenyera nilipewa kitanda chao, wao wakalala chini. Mvua zilikuwa zimeanza na watu wanapanda mahindi. Asubuhi mdogo wangu na mkewe walikwenda shamba, nami nilikaa barazani na bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, nikimenya polepole kama mgonjwa wa kweli. Mchana wifi alirudi na udongo hadi magotini na kelele zake. Kuchemsha kitu kwa siri katika nyumba ile kusingewezekana, maana mafiga yako uani na kila apitaye hufunua sufuria.

Siku moja, tukipepeta kunde, aliniuliza bila kuinua macho. "Wifi, nimesikia redioni eti ini likikatwa kipande linaota tena. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na mtu anaweza kumpa mwenzake?"

"Huko ng'ambo wanafanya."

"Basi ukienda Mtwara waulize. Wachukue kwangu. Si wamesema ni safi?" Akatupa makapi pembeni. "Ila likiota tena utaninunulia doti ya kitenge. La bure hakuna."

Natamani ningeweza kusema kwamba wivu uliniisha pale. Ulizidi. Ini zuri alikuwa nalo, na sasa nikagundua alikuwa na moyo wa kuligawa, bila kufikiri, kama mtu anayekata tikiti. Mimi singempa hata robo. Nilijiuliza kwa uaminifu, nikajibiwa. Niliinama kwenye ungo, nikasema kunde zina vumbi.

Tulikwenda Nachingwea pamoja kutoa damu ya mara ya tatu, tukarudi Mbekenyera siku hiyohiyo. Mawazo yangu yalikuwa kwa baba na lile tumbo lake. Wifi naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutania njia nzima.

Daktari alipiga simu tukiwa uani tunakanda unga wa maandazi. Mikono yangu ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko, kwa hiyo wifi ndiye aliyebonyeza simu, akaiweka kwenye spika, akaiegemeza kwenye kinu.

"Mwalimu, hujambo? Vimeng'enya vimeshuka. Vimekaribia kabisa kiwango cha kawaida. Mtwara usiende kwanza."

Wifi akapiga kigelegele kirefu, jirani wa ng'ambo akauliza kuna nini. Nilikuwa bado sijaielewa ile sentensi. Hata kulifurahia ini langu alinitangulia.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo."

"Havishuki hivi bila sababu. Kuna kitu umekiacha. Nisaidie, ni kitu gani?"

Kigelegele kilikatika. Wifi alinitazama mimi, akaitazama simu, akanitazama tena, na mdomo wake ukaanza kujikunja pembeni.

"Mizizi," nikasema. "Ya kusafisha ini. Tangu kabla ya kile kipimo cha kwanza."

Kisha wifi akajifuta mikono kwenye kanga, akaichukua simu na kuisogeza mdomoni.

"Daktari, mimi ni wifi yake. Huku kwangu hajanywa kitu ila maji ya kisima na maneno yangu."

"Basi mama," alisema daktari, "aendelee na hivyo hivyo." Akakata.