Mchumba Aliyetaja Kunguni

Binti yangu kitindamimba tunamwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Anashona magodoro. Ana karakana ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, na wanawake kumi na mmoja wanaoshona naye. Godoro la kwanza kabisa alimpa marehemu babu yenu. Mzee alilala siku tatu mfululizo, majirani wakachimba kaburi. Akaamka akauliza nani kafa.

Basi mwaka ule ukazuka uvumi kwamba magodoro ya Sindano yana kunguni. Ulianzia kwenye simu, ukapanda redioni, ukafika sokoni kabla ya mboga. Kulikuwa na picha: godoro limepasuliwa, wadudu wamejaa tumboni kama ufuta. Watu wakabeba magodoro yao vichwani mchana kweupe, wakayabwaga mlangoni kwa mwanangu. Wale wanawake kumi na mmoja wakabaki wanatazamana, hakuna cha kushona.

Sindano alimjua mchawi wake. Ni Kidevu, mwenye duka kubwa la magodoro ng'ambo ya barabara, aliyewahi kutaka kuinunua karakana akafukuzwa kwa maneno makali. Ila ushahidi wa kumshika nao hakuwa nao.

Hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Siku ya nne akaniambia, "Mama, natafuta kampuni ya mahusiano."

Nikaweka kikombe chini. "Magodoro yote yamerudi, na wewe ndiyo unatafuta mwanaume wa kuyalalia?"

"Mahusiano ya umma, mama! Watu wa kusafisha jina la biashara. Nataka watakaomzika Kidevu akiwa anatembea."

Mimi nilichosikia ni kwamba umma mzima unakuja kumposa. Nikamwambia nitakaa kwenye kikao, mwanangu haposwi mimi nikiwa jikoni.

Kwa aibu ya kunguni, hakuwaambia anauza nini. Aliwaita nyumbani, mmoja mmoja, akasema ana biashara ya vitu vya nyumbani.

Wa kwanza walikuja wawili, wakatandaza makaratasi hadi kwenye kochi. Walisema saa nzima, na neno nililoelewa ni "asanteni". Wa pili alikuwa dada mfupi mwenye daftari. "Naomba nione mnachouza," akasema. "Siwezi kukisemea kitu ambacho sijakishika." Sindano akamjibu asubiri, atamwita. Nami nikamtoa kwenye hesabu, maana mwanamke hawezi kumposa mwanangu.

Wa tatu ndiye aliyefanana na mchumba. Bwana mrefu, viatu vinang'aa hadi nikayaona humo meno yangu yote manne. Nikamuuliza swali ambalo mposaji yeyote lazima aulizwe.

"Baba, kabla ya kuja kwetu ulikuwa na nani?"

Akacheka. "Bibi, wengi tu!"

"Na uliyemfurahisha kuliko wote?"

"Aah, hapo kuna mzee mmoja wa magodoro. Alikuwa na mpinzani wake, mwanamke fulani mshonaji. Tukatia kunguni kwenye godoro, tukapiga picha, tukaisambaza. Wiki mbili tu, mama wa watu chali!"

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu utotoni, siku alipomng'ata mganga aliyemchoma sindano.

"Kaka, hiyo ndiyo kazi ninayoitaka," akasema. "Kesho saa nne uje uwaeleze wakurugenzi wangu. Usiache kunguni hata mmoja."

Alipotoka nikasema, "Huyu simtaki. Anaanika siri za wa zamani."

"Mimi namtaka, mama. Namtaka mno."

Akampigia simu dada wa daftari. "Kazi umepata wewe. Niletee watu wa redio, na kila aliyerudisha godoro."

Kesho yake ukumbi wa kukodi ulikuwa umejaa, na Bwana akaambiwa wote ni wafanyakazi wa kampuni. Wakurugenzi kumi na mmoja walikaa mbele wamenyooka, juu ya vitu vilivyofunikwa mashuka meupe. Bwana akadhani ni makochi. Akasimulia kwa mikono miwili, akamtaja Kidevu kwa jina lake la kuzaliwa, akaeleza hadi kunguni waliokotwa wapi.

"Na huyo mshonaji unamjua sura?" Sindano akauliza.

"Wala! Wa nini?"

"Basi nitazame vizuri."

Wanawake wakasimama, wakavuta mashuka. Magodoro! Na kila mmoja mkononi ana sindano yake, ndefu hadi kiwikoni. Bwana alipita dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Jioni redio zote zilikuwa na sauti yake. Kabla ya Ijumaa, karakana ilikuwa inashona hadi nyuzi zikaisha mjini, na dukani kwa Kidevu hakuingia hata nzi.

Kidevu akaja mwenyewe, kofia mkononi. "Dada yangu, yaishe."

Dada wa daftari akamvuta Sindano pembeni. "Watu wanakuamini tena. Mwachie, inatosha. Jina lako limeshatakata."

"Langu umelisafisha, na nakushukuru," Sindano akasema kwa sauti, ili Kidevu asikie. "La kwake niachie, nalifua mwenyewe."

Watu huniuliza kama amemsamehe. Hajamsamehe, na mimi sijamwomba.