Mashine ya Darasa la Tano

Kabla ya kuja kufundisha nasi shule ya msingi ya Kisugu, Ojara alikuwa akilisha kadi zenye matundu kwenye kompyuta ya ofisi moja ya serikali. Mwaka 1972 wataalamu wa kigeni waliondoka, mashine ikaharibika, na hakukuwa na wa kuitengeneza. Ojara akarudi kwenye chaki, kazi aliyoisomea.

Alisema watoto hawana haja ya kuiona mashine ili waelewe inavyofanya hesabu. Aliwapanga watano uwanjani, kila mmoja na thamani yake: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Aliyesimama alihesabiwa, aliyechuchumaa hakuhesabiwa. Akitaja kumi na tatu, wa moja, wa nne na wa nane walisimama, wenzao wakabaki chini. Mtoto wa sita alipita akimwuliza kila mmoja, "Umo?" Jibu lilikuwa ndiyo au hapana, basi. Aliyesema "labda" alicheka mwenyewe na kurudi nyuma ya foleni.

Walimu tulimtania. Mvua ikinyesha tulimwuliza kama mashine yake imeanuliwa.

"Yangu haitaki umeme," alijibu. "Inataka uji tu."

Aliyeupenda mchezo huo kuliko wote alikuwa Anena, binti wa koplo wa polisi.

Mwaka uliofuata ndugu yake Ojara, askari, alichukuliwa kambini asirudi. Kwetu, miaka ile jeshi liliposaka watu wa kabila la Ojara, Mwacholi aliyepotelewa na ndugu namna hiyo hakuuliza zamu ya nani inafuata. Punde watu wasiojulikana wakafika nyumbani kwa Ojara kumwulizia. Mama Rosalba, mwalimu mkuu, alimtafutia dereva wa lori huko Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, wa kumvusha hadi Kenya siku ya Ijumaa. Kabla ya hapo angeendelea kuja shuleni, maana nyumbani kwake watu wale walishapajua. Walimu tulikubaliana kwamba atakayeulizwa aseme Ojara amekwenda kwao Gulu mazikoni. Watoto hatukuwaambia. Mtoto husema nyumbani, na nyumba nyingi za wanafunzi wetu zilikuwa za askari na polisi.

Alhamisi gari likasimama langoni. Wanaume wawili waliingia kwa Mama Rosalba. Aliwaambia habari za Gulu na mazishi, nao wakampa pole. Wakitoka, walimkuta Anena barazani akikung'uta kifutio. Mmoja akainama, akamwuliza kwa upole:

"Mwalimu Ojara yumo?"

"Ndiyo," akasema Anena.

Akawaongoza hadi mlangoni mwa darasa, kama mtoto mwenye adabu anavyomfikisha mgeni.

Ojara aliweka chaki chini. Walimshika mikono, naye hakubishana nao mbele ya watoto. Anena alitutazama nyuso sisi tuliotoka madarasani, akarudi nyuma hadi ukutani. Ojara alipompita akasimama kidogo.

"Umejibu vizuri, mwanangu," akamwambia. "Hukukosea."

Hatukumwona tena, wala maiti yake haikupatikana.

Anena aliacha kuitika jina lake lilipoitwa asubuhi. Baba yake akaja, kofia mkononi, akamwomba Mama Rosalba amwambie mtoto kwamba watu wale wangempata mwalimu tu, kwa njia yoyote. Mama Rosalba akamwambia. Anena alisikiliza, lakini kesho yake jina lilipoitwa hakuitika.

Baada ya kama mwezi, Filda, mke wa Ojara, alikuja kuchukua koti lililobaki kwenye kiti. Alijua yaliyotokea. Aliomba aitiwe yule msichana, nasi tukaogopa, lakini tukamwita.

Walikaa kwenye ngazi ya baraza, Filda amepakata koti.

"Mwalimu alikuwa anawafundisha nini asubuhi ile?" akauliza.

Anena aliokota kijiti. Kisha akachora mistari mitano vumbini, mmoja kwa kila mtoto wa mashine, na kuanza kueleza kwa sauti ndogo, akikosea na kufuta na kuanza upya. Filda, ambaye hakusoma sana, aliuliza, akauliza tena. Kengele ililia, watoto wakaingia madarasani. Mama Rosalba akatuashiria tuwaache.